Spana

Tulitoka Tandika alfajiri,
gari la kuazima, la shemeji Mbaraka,
mlango wa kushoto umefungwa kwa katani.
"Saa tatu tunaogelea Kimbiji," ukasema.
Nikanyamaza. Nakujua, Akilimali.

Daraja ukalikataa, ukataka pantoni,
na kwenye pantoni kuku wa mtu akaingia dirishani,
akaacha unyoya na uchafu
kwenye shati lako la sikukuu.

Kibada, rejeta ikachemka kama chungu cha makande.
Maji yetu yote ya kunywa, ikanywa yenyewe.
Mbele kidogo, pancha.
Jeki ipo.
Spana?
Ukajishika kiuno, ukaikumbuka:
iko nyumbani, chini ya kitanda,
imeegemeza tendegu fupi.

Nilitaka kununa. Nilijitahidi kweli.
Kicheko kikanitoka puani.

Fundi baiskeli alitutoza elfu tano
na chapati zetu zote, hakutubakizia hata kipande.
Kisha wewe na njia yako ya mkato:
kulia, kulia, kushoto, mihogo ya watu,
tukaibukia katikati ya harusi.
"Wageni wa Mbagala hao!" mtu akapaza sauti.
Hatukubisha. Njaa haina kabila.
Tulikula pilau, tukamtunza bi harusi
ambaye jina lake silijui mpaka leo.

Kimbiji hatukufika.

Usiku ukainama na spana ya kuazima,
ukaisukuma uvunguni pamoja na ile ya kwanza.
"Jumapili ijayo nitazibeba zote mbili."
Nikazima taa.
"Ziache hapo hapo."