Namba ya Siri

Miaka sita nimekaa nyuma ya kaunta hii,
duka la dawa, Barabara ya Lamu, Malindi,
na mashine ya kadi iko mkono wangu wa kulia,
imefungwa raba mgongoni tangu Kahindi aiangushe.
Sijapanda ndege. Mombasa nimefika mara nne.
Lakini dunia naijua kwa namna inavyolipa.

Msuidi hagusi pesa. Alikuja mmoja Januari,
jua limembabua hadi masikio, anataka marhamu,
stima zimepotea, mashine imelala,
akapapasa mifuko mitupu kama aliyepotelewa na mtoto.
Kwao, alisema, hata sadaka ya kanisani ni kadi.
Nikamwandikia deni daftarini.
Kesho yake akarudi, akagusa, mashine ikalia tii,
naye hakuondoka mpaka aone nikilifuta jina lake.

Mjerumani ana noti, zimenyooka,
anazitoa mojamoja, midomo ikihesabu.
Kadi anayo, lakini anaitazama kama mbwa wa jirani:
hajamng'ata, ila hamwachii mkono.

Mtaliano wetu, Sinyori Ettore wa Casuarina,
miaka ishirini na mitatu hapa, Kigiriama chake ni matusi matupu,
huuliza kwanza: "Kwa kadi bei gani? Kwa taslimu bei gani?"
Namwambia ni moja.
Haamini. Kila mwezi anauliza.

Wa Nairobi kadi yenyewe anaiona ya kizee.
Anainua simu: "Tili namba ngapi?"
na macho hayajatoka kwenye kioo.

Ukikaa sana nyuma ya kaunta
unadhani umewamaliza watu.

Kisha akaja mama yangu.

Baba alivuna chumvi Gongoni miaka thelathini na mmoja,
chumvi ikamla nyayo, halafu ikamla pumzi.
Malipo yake yalichelewa kuliko mauti yake;
yalipofika yalikuwa ndani ya kadi ya kijani,
jina la mama limechongwa kwa herufi zilizoinuka.
Mama hasomi. Akalipapasa kwa kidole:
"Hapa ndipo nilipo?"
"Ndipo."
"Mbona nimekuwa mdogo hivi."
Akaifunga kwenye pindo la leso
pamoja na ufunguo, tumbaku, na nauli ya bodaboda.

Siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwezi, foleni hadi mlangoni.
Alitaka dawa ya presha. Akafungua fundo kwa meno,
kadi ikatoka inanuka tumbaku.
Nikaichomeka. Mashine ikauliza namba ya siri.
Nikamgeuzia: bonyeza mwenyewe, mama, polepole,
nami nikatazama kalenda ukutani, kama tulivyofundishwa.

Hakubonyeza. Aliitaja.
Aliitaja kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya shamba:
"Sita! Sufuri! Moja! Tisa!"
mbele ya Ettore, mbele ya polisi wa trafiki,
mbele ya kijana mmoja aliyekuwa ananunua kitu kwa aibu.

"Mama, hiyo ni siri!"

"Siri ya nani? Ndiyo namba ya babako ya kazini.
Waliiita getini kila alfajiri, kampuni nzima ikisikia,
na jina lake hawakuliita hata siku moja.
Leo ndiyo iwe siri?"

Hakuna aliyekohoa.
Nikabonyeza mimi. Sita, sufuri, moja, tisa.
Mashine ikafikiri, ikapeleka swali lake
Nairobi, pengine mbali zaidi, sijui kwa nani,
kisha ikatema karatasi.

"Imesemaje?"
"Imekubali."
"Ilikuwa ikikubali," mama akasema, akifunga tena leso,
"hata alipokuwa na homa."

Aliyefuata alikuwa Ettore. Alisahau kuuliza bei.

Jumatatu nilimpeleka benki, tukabadilisha namba;
sheria ni sheria.
Ile mpya ameshaisahau.
Ya zamani namsikia akiitaja usiku,
taratibu, tarakimu kwa tarakimu,
anapokomea mlango.