Kitanda Usichokilalia

Mkurugenzi alitaka kikao kimoja, ukumbi mkubwa,
watu mia na kumi, mgeni kutoka Maskati,
picha, vyeti, sambusa.
Nikamwambia: bwana, mwaka jana tulifanya.
Watu walikula sambusa, wakarudi na mizigo yao.

Mama yangu, aliyeletwa Ibra akiwa na miaka tisa,
hakusahau maneno ya kwao hata moja:
kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.
Basi nikapita ofisi kwa ofisi
kuuliza nani analala kitanda gani.

Jumapili nikawaita waratibu wa mabasi. Wanne tu,
chumba cha ghorofa ya pili, kile chenye kiyoyozi kinachokohoa.
Shinuna akaweka simu mbili mezani, zote zinatetemeka.
Mvua ikinyesha milimani, akasema,
huku kwetu jua kali, na mie tonge halipiti,
najua wadi litashuka saa saba
na saa saba basi la wasichana…
Hakumaliza. Mwenzake wa Mudhaibi akammalizia:
na dereva hapokei simu.
Wakacheka mpaka wakafuta machozi,
kumbe kila mmoja alidhani
kichaa hicho ni chake peke yake.

Jumatatu, makarani wa mitihani. Hawa hawasemi.
Kufunga bahasha kwa lakiri miaka yote ile
kumewafunga na midomo.
Nikafahamu kuwa nazidi pale.
Nikawaachia kahawa na tende, nikatoka,
na nikiwa ngazini nikamsikia Thuraya:
nilimwandikia arubaini na saba, na yake sabini na nne.
Kesho yake nilisahihisha.
Lakini usiku ule mmoja, mtoto alilala amefeli.
Kimya. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini:
wangu walikuwa watatu.

Wakaguzi waligombea kiti cha mbele,
nikaondoa meza.
Washauri nasaha walishauriana saa nzima,
hakuna aliyesikiliza, nao wakaomba tuonane tena wiki ijayo.

Akabaki Zahor bin Muhenna, wa stoo ya vitabu.
Stoo moja, mtu mmoja, ufunguo mmoja.
Nilimtia na mafundi wa kompyuta. Alikuja, kanzu imepigwa pasi,
akanywa vikombe vitatu, akakitikisa cha tatu
kama afanyavyo mtu aliyetosheka,
akashukuru, akaenda zake.
Hakuwa ametosheka. Hakuwa amepewa kitu.

Nikashika simu. Suhar, Nizwa, Sur, Buraimi,
kila mkoa nikiomba: niungeni na mwenye stoo.
Kila pahala wananiuliza, kuna kitabu kimepotea?
Hapana, nasema. Namtaka yeye.

Wakafika kumi na mmoja, Alhamisi baada ya Adhuhuri,
kila mtu baina ya maboksi yake, sauti tu.
Wa Salala: ukungu unavimbisha kurasa.
Wa Buraimi: mchwa.
Wa Nizwa: lori huja saa nane za usiku, na mgongo ni huu huu.
Zahor akawaambia jambo ambalo sisi,
miaka kumi na sita jengo moja naye, hatukulijua:
vitabu vya mtaala wa zamani ameagizwa avichome,
naye havichomi. Ndani mna majina ya watoto,
mna maua ya kalamu, mna mtu kaandika
"nimechoka" pambizoni mwa hesabu.
Amevipanga nyuma, anasema, mpaka dari.

Akauliza: na nyinyi?
Mmoja mmoja, wakakiri kumi.

Sasa fomu ya mkurugenzi iko mbele yangu.
Idadi ya walionufaika. Asilimia. Ushahidi.
Ya vitabu siandiki.
Wala siandiki kwamba mie mpanga vikundi
kitanda changu nakilalia peke yangu; hilo si la ripoti.

Alhamisi hii nimeshuka na birika la kahawa.
Mlango wa stoo umerudishwa, ndani Zahor anabishana
na mtu wa Sur juu ya sumu ya mchwa, anacheka,
anaapa, anacheka tena.

Sikubisha hodi. Birika nimeliacha kizingitini.