Vitano Katika Droo

Jumanne, Alhamisi, na Jumapili nikiweza,
Orkun akishashuka kununua mkate wa ufuta,
nafunga mlango kwa ufunguo, ingawa hamna mtu.
Natandika taulo la kijani, lile lenye doa la iodini.
Nakitia kile kidogo katika bilauri ya maji vuguvugu,
bilauri ya chai, ndiyo. Nimeitenga.
Haitarudi tena kabatini kwa wageni.

Viko vitano, laini, zambarau iliyopauka,
vimejipanga kama ndugu waliosimamishwa kupigwa picha:
wa kwanza hazidi kidole changu cha mwisho;
wa tano, huyo simtazami bado.

Miaka mitatu ya ndoa.
Usiku ule mwili ulijifumba
kama jicho lililorushiwa mchanga.
Mimi sikuuamuru.
Nilikuwa namtaka. Nilikuwa nimecheka harusini hadi mashavu yakauma.
Na bado pale palikuwa na ukuta,
na ukuta wenyewe unawaka moto.

Wakasema: kunywa kidogo, utalegea.
Wakasema: vumilia, sote tulivumilia.
Shangazi Hacer wa Kütahya akanipa uzi uliosomewa dua;
nikaufunga kiunoni, nami nikazidi kufungika.
Daktari wa kwanza hakuniangalia usoni.
"U mzima," alisema, kama anayerudisha chenji.

Bi Gülseren ndiye aliyelitaja jina.
Vajinismasi.
Nililirudia kimoyomoyo kwenye tramu, kituo hadi kituo.
Kitu kikipata jina hupungua kimo.
Alinichorea misuli ya nyonga nyuma ya risiti:
"Hii inakulinda," akasema, "dhidi ya adui asiyekuja."
Nikamkumbuka mbwa wa jirani yetu,
yule anayembwekea hata mwenye nyumba.

Kazini nachonga viko vya jiwe jeupe,
jiwe la Eskişehir, linalochimbwa mbali chini ya udongo.
Mwanagenzi yeyote siku ya kwanza hulipasua:
hulishika kavu, akalikazia kisu.
Jiwe hili huloweshwa kwanza.
Unaliacha majini, unakwenda zako, unakunywa chai,
ukirudi kisu chazama kama katika jibini.
Haya nimeyafundisha miaka kumi na mmoja,
kwa sauti kubwa, mikono kiunoni.

Basi. Navuta pumzi hadi chini ya kitovu.
Jeli ina baridi hata niipashe vipi.
Kinagusa.
Mwili unasema la.
Sisukumi. Nahesabu vigae vya ukutani:
kumi na vinne, kimoja kina ufa.
Unasema la tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayesinzia.

Wiki ya kwanza nililia, nikavirudisha vyote mfukoni.
Wiki ya tatu kidogo kiliingia nusu;
nikacheka peke yangu kama mwehu, miguu juu.
Wiki ya tano hakuna, hakuna kabisa, hata ncha.
Sasa ni ya tisa: huyu wa tatu, dakika kumi nzima,
nami nasoma bei ya vitunguu katika gazeti la juzi.

Mwezi uliopita mama mkwe alifika bila taarifa,
akavikuta dirishani, vinakauka juu ya kitambaa.
Akainua cha nne, akakipima mkononi.
"Hivi ni vya kiko?"
"Ni vya kazi," nikamjibu.
Akakirudisha mahali pake, kwa mpangilio, mdogo hadi mkubwa,
asiulize tena. Nilipomtazama
alikuwa ameinamia kamba za viatu vyake,
akichukua muda mrefu kuliko zinavyohitaji kamba mbili.

Orkun pia haulizi. Huchelewa makusudi;
mkate hufika umepoa, naye husingizia foleni.
Siku moja nitamwambia aje na wa moto.

Leo nilisahau kufunga mlango.
Nilikumbuka baadaye,
nikisuuza bilauri.