Baiskeli Isiyofika

Dokta Kokushubira amenivika barakoa,
nyaya kifuani, sindano kidoleni: tone la damu
kila baada ya dakika tatu. "Kanyaga, Chaurembo,
mpaka ushindwe."

Mpaka nishindwe! Miaka kumi na tisa
napandisha magunia ya mkaa mlima wa Pugu,
hakuna mteja aliyewahi kunilipa nishindwe.

Anaongeza uzito.
Ukuta mweupe haukaribii.
Hakuna shimo la kukwepa, hakuna lori la kulilaani,
feni tu, na jasho langu likidondoka
kwenye zulia la mpira.

Kijana wa chuo aliyenitangulia, kaptura ya kubana,
alishuka dakika ya kumi na nane.
Mimi, ya ishirini na sita, nikaona vimulimuli,
nikamwona Mangi wa dukani na daftari la madeni,
ndipo miguu ikagoma.

Soda, biskuti, nauli; nikatia sahihi.
"Moyo wako ni wa ajabu," akasema,
akinionyesha mstari unaopanda kwenye karatasi.

Nikautazama sana.
Ni Pugu ile ile, bila vumbi.

Nje, Upanga, baiskeli yangu imeegemea ukuta,
gurudumu la nyuma halina upepo.
Nikaikokota.