Vistari Vinne

Darubini mpya ya doria ina ngazi ndani ya kioo,
vistari vyembamba kama nywele za kichanga.
Ndahani alitufundisha akiegemea gari:
kimo mara elfu, gawanya kwa vistari.
Tembo, mita tatu. Usibabaike.

Leo tembo hawakutoka Swagaswaga.
Kutoka mwambani nikaishusha darubini hadi Farkwa,
nikamdaka mama kwenye uwele,
anafukuza kweleakwelea kwa debe.
Fimbo inashuka;
mlio unafika baadaye, umechoka.

Kimo chake nakijua. Mita moja na sentimita sitini,
nilikichora mwenyewe kwa mkaa kwenye mwimo wa mlango
mwaka nilioingia darasa la saba.
Unyayo hadi kilemba: vistari vinne.
Mia nne, nikaandika.

Nikateremka nikihesabu, mita kwa hatua.
Mia tatu na hamsini,
na mkono wake ulishanishika kiwiko.
"Umekonda," akasema.

Usiku nikarudia hesabu kwa penseli,
koroboi karibu na mlango.
Kioo hakikudanganya. Kugawanya niligawanya sawa.
Mkaa bado upo pale mwimoni,
na mama akapita chini yake na sufuria ya mlenda,
shibiri nzima.