Sakafu ya Abati

Kila Ijumaa kabla ya kengele ya alfajiri
naingia kwa mlango wa jikoni na ndoo mbili,
moja ya jivu, moja ya maji,
napiga magoti kuisugua sakafu ya abati
kuanzia dirishani kurudi mlangoni,
kama mtu anayefuta nyayo zake mwenyewe.

Wageni huisifu. Mawe ya duara, tazama,
yamepangwa kama miezi mipevu,
kila moja lina tundu katikati
na tundu limezibwa kwa chokaa.
Huuliza fundi alitoka nchi gani.

Fundi hakuwako. Alikuwako Foulques msimamizi,
na farasi wanne, na mkokoteni,
mwaka ule Mto Oreuse ulipoganda hadi Kwaresima
na gurudumu la kinu cha abati likasimama
na ndevu za barafu,
nasi tukasaga majumbani, kwa mkono, usiku.
Sheria ilisema nafaka yote ya Vaucelin
isagwe kwa abati,
na katika kila pishi nne abaki na kibaba.
Kuhusu barafu sheria haikusema kitu.

Padri Anscher alihubiri kwamba ule mngurumo wa usiku
si mawe, ni Ibilisi anayesaga meno akitungoja.
Tuliogopa. Nakiri, tuliogopa.
Lakini njaa ya mtoto nayo ina mahubiri yake,
na haisubiri Jumapili.

Mama yangu Hersende alitandika ngozi ya kondoo
chini ya jiwe ili lisisikike,
akaniketisha kati ya magoti yake, akasaga shayiri
akihesabu mizunguko kwa majina ya watakatifu:
Blasi wa koo, Apolonia wa meno,
na mmoja wa chemchemi, ambaye padri hakumtambua,
ambaye kila zamu yake ilipofika
mama alishusha sauti.

Walibisha hodi siku ya Mtakatifu Agatha.
Foulques hakuwa mkali. Hilo ndilo linalonikera hadi leo.
Alivua kofia. Alisema, "Mama, si mimi."
Akabeba jiwe la juu akatoka nalo,
kisha akakumbuka, akarudi kuchukua la chini.
Mama akamuuliza, "Na mkono je, huuchukui?
Ndio uliokuwa ukisaga."

Abati yule amekufa. Amelala chini ya sanamu yake
aliyochongewa nyembamba kuliko alivyokuwa.
Kinu kimebadilisha wasagishaji watatu, wezi wote.
Mto umeganda mara mbili tena,
na mara zote mbili tulichemsha nafaka nzimanzima
tukaitafuna kama ng'ombe.

Jiwe letu liko mstari wa nne, karibu na meko.
Sikufunzwa kusoma, ila ufa ule naujua,
na ukingo ulioliwa upande mmoja
kwa kuwa mama alikuwa mwenye shoto.
Nikifika hapo nakawia.
Siku moja Bruda Ysoard, mshika funguo,
alinikuta paji la uso limegusa sakafu.
Akarudi nyuma kwa ncha za vidole,
akawaambia wenzake yule mwanamke wa ndoo
ni mcha Mungu kuliko sisi.

Labda.

Ijumaa iliyopita chokaa ya lile tundu ilibanduka,
nami nikaichokonoa kwa msumari wa kiatu.
Ndani kulikuwa na vumbi, nywele ya kondoo,
na punje moja ya shayiri,
nyeusi, ngumu kama jino la utotoni.
Nikaigeuza kiganjani. Kengele ikaanza kulia
na huko juu watawa wakasikika wakishuka ngazi,
wakikohoa, wakiburuta makubazi.

Ilikuwa siku ya mfungo.
Niliila.
Kisha nikachovya kitambaa
nikaendelea na mstari wa tano.