Saa Tisa Kasoro, Barka

Huko Kentaki jua bado halijatua.
Huku Barka ni saa tisa kasoro usiku,
kiyoyozi kinakoroma kama mgonjwa,
nami nimekaa sakafuni, sauti ya televisheni nimeiminya
nisije nikamwamsha Bi Rayya,
naye keshaamka zamani. Anauliza kutoka chumbani:
"Mundhir, nani kafa?"

Hajafa mtu, shangazi. Farasi anataka kukimbia.

"Wetu?"

Hapo nikakosa jibu.

Nilimjua wiki tano tu, Dubai, banda la karantini,
ambako viatu huchovywa dawa kabla ya salamu.
Jina lake Asagiri. Onodera, mtunzaji wake,
alinifasiria kwa vidole na kwa mvuke wa chai:
ni ukungu wa alfajiri, ule unaoondoka ukitazamwa.
Nikamwonyesha shati langu lililolowa jasho:
na huu je, si ukungu wa kwetu?
Akacheka mpaka jino lake la fedha likaonekana.

Hatukuwa na lugha. Tulikuwa na kwato nne.
Yeye akiinamia mguu wa mbele, mimi wa nyuma,
tukikwangua mchanga, kila mtu na upande wake wa mzigo.
Nilimfundisha "pole", akanifundisha "daijobu",
na maneno mawili hayo yalitutosha
kwa farasi aliyekataa maji yetu siku mbili,
akiyanusa na kuyapulizia
kama mkwe aliyeletewa chai isiyo iliki.
Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Ya tatu akanywa ndoo nzima,
tukamtoa uwanjani kabla ya jua, akaenda shoti,
na mimi niliyelelewa katika harufu ya farasi
nikasahau kumeza mate.

Usiku wa safari walimtia katika sanduku,
sanduku wakalitia katika tumbo la ndege.
Kazaliwa kwenye theluji ya kufika magoti,
kafundishwa joto na sisi,
sasa anapelekwa kwenye nchi ya tatu akaulizwe swali lile lile.
Onodera alinifungia kwenye funguo za gari
hirizi ya kitambaa chekundu, imeshonwa kwa uzi wa dhahabu.
Bi Rayya akiiona ataitia motoni.
Ninayo hapa. Naifinya.

Milango inafunguka.

Kumbe imenyesha; uwanja wao ni uji wa ulezi.
Asagiri wangu wa kijivu kawa rangi ya wenzake wote,
namtafuta kwa sikio la kushoto, lile linaloanguka akikasirika.
Limeanguka.
Wa kumi na moja. Wa kumi na moja bado.
Kona ya mwisho anatoka nje, mbali na ukuta,
anachagua njia ndefu kama mtu asiyetaka kuomba radhi,
wa saba, wa tano,
na Bi Rayya kasimama nyuma yangu, kanga begani,
hajui Japani iko upande gani wa Makka,
anajipiga paja: "Mpite! Mpite huyo mwenye kofia nyekundu!"

Wanafika wawili kama mmoja.

Picha inasimamishwa. Mstari mwembamba
unashuka kutoka juu ya kioo
na kupita katika tundu la pua.

Pua si yake.

Ni upana wa kidole, shangazi. Kidole hiki,
kilichokuwa kikiipangusa pua ile kwa taulo la maji
kila baada ya mazoezi.

Hasikii. Anahesabu kwa taa za ubao.
"Wetu kawa wa pili," anasema. "Kati ya wangapi?"
Kisha, kwa sauti nyingine: "Na aliyemlea yuko wapi?"

Namwonyesha. Pembeni ya picha, sekunde mbili hazitimii:
mzee mfupi, kalowa chapachapa, ubao hautazami,
keshainama kwenye matope, kaushika mguu wa mbele.

Wa nyuma hauna mtu.